Fremu ya Nottingham, Tupa ya Unguja

Baiskeli ya Raleigh Twenty ilizaliwa katika mashindano ya biashara, na sidhani kama walioiunda walitarajia ipendwe. Mwaka 1962 mhandisi Alex Moulton aliwaonyesha Waingereza baiskeli ya magurudumu madogo yenye springi mbele na nyuma, wakaigombania. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ilikuwa imeletewa wazo hilo mapema ikalikataa, sasa ikabidi imkimbize aliyekataliwa. Mwaka 1965 ikatoa RSW 16, yenye matairi manene yaliyotegemewa kufanya kazi ya springi. Mpandaji alikanyaga sana, akafika kidogo. Mwaka 1967 ikainunua kampuni ya Moulton. Na mwaka 1968 ikaja Twenty: magurudumu ya inchi 20, matairi membamba kuliko ya RSW, bomba moja nene la kubeba kila kitu, springi hakuna. Miaka ya mwanzo ya 1970 bomba hilo likakatwa katikati, likatiwa bawaba, ikapatikana baiskeli ya kukunja.

Ilikuwa baiskeli ya kwendea dukani, ya kutia kapu la mboga. Iliuzwa kwa wingi, ndiyo maana leo bado zimelala kwenye magereji ya Uingereza, mwenyewe kazeeka au kafariki, na anayesafisha nyumba anaitoa kwa pesa kidogo ilimradi iondoke. Fremu yake ni chuma cha kawaida tu. Lakini bomba ni nene, maungio yameshiba, na ile bawaba ni kubwa kana kwamba walioiunda waliogopa kupelekwa mahakamani. Baiskeli nyingi za kukunja huonyesha udhaifu wake mlimani: unavuta usukani, unausikia mwili mzima ukijipinda katikati. Twenty haijipindi. Sheldon Brown, fundi wa duka moja la baiskeli karibu na Boston aliyefariki mwaka 2008, alikuwa na ya kwake, akaibadilisha atakavyo na kuiandikia kwa mapenzi, na mafundi wengi wa gereji za nyumbani walianza kuisaka baada ya kumsoma.

Ninayemjua mimi yuko Leicester, mwendo wa kama nusu saa kwa treni kutoka Nottingham. Ni mzee wa Unguja, tunamwita Ami. Ujana wake aliutumia Ng'ambo, kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli zile nyeusi za gurudumu la inchi 28 ambazo kila msomaji wa rika langu amewahi kubebwa kwenye keria yake. Anasema alizijua pini na gololi za Nottingham kabla hajajua Nottingham iko upande gani wa dunia. Sasa amestaafu, ana banda nyuma ya nyumba, na anazifufua hizi Twenty moja moja.

Fremu ikiingia bandani mwake haishikwi spana kwanza. Inapimwa kwa uzi. Anaufunga uzi kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande mmoja, anaupeleka mbele kuzunguka bomba la usukani, anaurudisha upande wa pili na kuukaza. Kisha anapima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, mkia na kichwa vinatazamana. Vikipishana milimita mbili tatu, kuna aliyeiangusha au kuipakiza vibaya. Halafu anafungua bawaba, anaifunga, anapima tena kwa uzi uleule. Mara hii ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa baiskeli ya kukunja ina unyoofu wa aina mbili: ule iliotoka nao kiwandani, na ule inaourudia kila ikifungwa. Ikiwa vipimo vya mara ya kwanza na ya pili havifanani, kunyoosha mabomba ni kupoteza muda; kasoro iko bawabani.

Bawaba yenyewe anaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, anaichungulia kwa tochi pale inapokutana na bomba. Anatafuta mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi, maana rangi ikipasuka kwa mstari, chuma chini yake huenda kimeanza. Fremu ya namna hiyo anaiweka kando, anaivua vifaa, haijengi. Iliyo salama inapata kazi ya pili: anashika mshumaa chini ya uso mmoja wa bawaba mpaka upate masizi, anaifunga, anaifungua. Masizi yanapohamia ndipo nyuso mbili zinapogusana kweli. Palipogusana padogo anapitisha tupa laini, mara mbili tu, kisha mshumaa tena. Nimemwona akilirudia hilo asubuhi nzima, redio inaimba taarabu, hasemi neno.

Siku moja nilimwuliza, "Ami, si bora ukate kipande hiki uchomelee kipya?"

"Mwanangu, nikikata mimi, nitaiweka sawa kwa jicho langu. Aliyeiunda aliiweka sawa kwa mashine. Wacha nimsaidie palipolika."

Baada ya bawaba kuna mahali ambapo wajenzi wengi wa Twenty hukwama, na papo chini tu, kwenye kikombe cha pedali. Kwa miongo mingi baiskeli za Kiingereza zilikubaliana: bomba la pedali lina upana wa milimita 68 na thredi 24 kwa inchi. Raleigh walikuwa na vyao. Twenty ina upana wa milimita 76 na thredi 26 kwa inchi. Ukinunua kifaa cha kisasa, kinaingia robo mzunguko kinagoma, na mwenye nguvu za mikono akilazimisha ameua fremu. Wako wanaokata thredi mpya juu ya ile ya zamani na kusaga bomba lipungue upana. Inawezekana, na wapo waliofanikiwa. Mimi naiona ni kazi ya kuiadhibu fremu kwa kosa la kuwa yenyewe. Ami anavitunza vikombe vya zamani kama havijatoboka, anaangalia mhimili kama haujachimbika, anatia gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, zimekaa kwenye grisi. Gololi hazichanganywi mpya na kuukuu. Kisha anakaza kikombe cha kushoto mpaka mhimili uache kucheza, anarudisha nyuma kidogo sana, anauzungusha kwa ncha za vidole viwili huku amefumba macho. Ukikwaruza, kuna uchafu. Ukiwa mzito, kakaza mno. Pakiwa sawa, anafunga ringi ya kuzuia, na kwa kuwa ringi hiyo nayo huvuta kikombe inapokazwa, anaanza upya.

Halafu zinakuja pini za kranki. Hizi vijana wa Ulaya wanazichukia, wanasema ni za enzi ya mkoloni, na kwa kweli zina usumbufu. Kwenye baiskeli nyingi za leo mkono wa pedali hukaa kwenye mhimili wa pembe nne na kubanwa kwa bolti. Kwenye Twenty ya zamani mhimili ni wa duara wenye sehemu iliyochongwa bapa, na kinachoushika mkono ni kipande cha chuma kinachopita kwa upande, kilichosawazishwa mshazari kama kabari. Za Raleigh zina unene wa milimita 9.5. Dukani utauziwa za 9, zitacheza. Ukipata zilizo sawa, mshazari wao hauko sawa. Lazima zichongwe na fundi.

Ami anaibana pini kwenye jiliwa kwa vibao viwili vya mti ili thredi isiumie. Anaupaka wino ule uso wa mshazari, anaisukuma kwenye tundu kwa kidole gumba, anaitoa. Wino umekwanguka kona moja ya juu. Anachukua tupa, anaisukuma mbele kwa mkono wa kulia huku kidole cha kushoto kimelala juu ya ncha yake, kinasikiliza. Tupa haivutwi kurudi, inanyanyuliwa. Anafuta vumbi la chuma kwa suruali, anapaka wino, anajaribu. Sasa umekwanguka kona na katikati. Anaendelea hivyo mpaka wino unafutika uso mzima kwa pamoja. Pini ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu haitakiwi kukaa vizuri tu. Inatakiwa ikae kwa kina kilekile cha mwenzake. Ikizama zaidi, pedali moja itatangulia nyingine, na goti la mpandaji litaijua hitilafu hiyo kabla jicho halijaiona.

Kuipigilia nako kuna adabu yake. Anayegonga nyundo hewani anaupeleka mshindo wote kwenye gololi, na gololi zinachimba vikombe ambavyo umevihangaikia jana nzima. Ami anasimamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, mkono wa pedali ukae juu yake, ndipo anagonga, na mshindo unaenda sakafuni. Nati inakazwa kufuata nyundo, haifanyi kazi ya nyundo. Anaendesha mtaani kidogo, anarudi, anakaza tena.

Magurudumu ndiyo mahali pekee anapobadilisha bila kusitasita. Ringi za zamani ni za chuma kilichong'arishwa, na mvua ya Uingereza ikizilowesha, breki inakuwa ombi. Anatia ringi za alumini. Hapo pana mtego: kuna inchi 20 mbili. Ile ya Twenty ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 451 tairi linapokalia, ile ya BMX ina 406, na matairi ya hii ya pili ndiyo yamejaa madukani. Ukihamia 406, ringi inasogea mbali na breki kwa milimita 22.5 kila upande, na mikono ya breki haifiki. Wengi hununua breki ndefu zaidi. Yeye anabaki na 451 kwa sababu tairi lake ni jembamba na linakimbia, na breki zake zilikwisha pata urefu unaozifaa.

Spoki fupi zina tabia zao. Katika gurudumu kubwa, kila spoki hupishana na nyingine tatu, na mafundi wengi hawajui hesabu nyingine. Katika gurudumu dogo ukipishanisha mara tatu, spoki inafika kwenye ringi kwa ubavu, inainama shingoni pale inapoingia kwenye nipeli, na shingo hiyo ndiyo itakayokatika. Ami anapishanisha mara mbili. Akishakaza, anazibana spoki mbili mbili kwa viganja kuzunguka gurudumu lote, zinalia kidogo zikikaa mahali pake, kisha anazidonoa kwa kucha kusikiliza sauti. Za upande mmoja zinatakiwa zilingane sauti. Anayesikiliza taarabu tangu utotoni hahitaji kipimo cha duka.

Habu ya nyuma ni Sturmey-Archer AW ya gia tatu, ambayo ilianza kutengenezwa Nottingham mwaka 1936, na hiyo haibadilishi kwa lolote. Kwenye gamba lake kumegongwa mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Ndani mna gia ya katikati ya meno 20 iliyoshikamana na ekseli, gia ndogo zinazoizunguka, na ringi ya nje ya meno 60. Ishirini kwa sitini ni theluthi, na humo ndimo hesabu yote ilimo: gia ya tatu inaongeza mwendo kwa theluthi moja, ya kwanza inaupunguza kwa robo, ya pili inapitisha mwendo moja kwa moja. Ukienda gia ya pili na ya tatu inasikika tiki tiki tiki. Ya kwanza iko kimya. Inachotaka ni matone ya mafuta kupitia kishimo chenye kifuniko, na waya uliopimwa. Gia ikiwa ya pili, ncha ya kijiti kinachotoka ndani ya ekseli inatakiwa iwe sawasawa na mwisho wa ekseli, na unaitazama kupitia tundu la nati. Ukikosea, katikati ya gia ya pili na ya tatu pana pengo ambapo pedali zinazunguka bure, na aliyesimama kwenye pedali wakati huo atashuka kwa kifua.

Rangi hapaki. Anaosha, anang'arisha, anagusa palipokwanguka. Wapo wanaozipeleka zikapakwe rangi ya unga, zikatoka zinameta na bawaba imejaa rangi, haifungi. Hilo linamkera kuliko kutu. Pale juu ya usukani, ambapo baiskeli nyingine zina gololi, Twenty ina kipande cha nailoni kinachoufanya usukani uwe mzito kidogo mkononi. Waamerika wengi hukitoa. Yeye anakiosha, anakirudisha, kwa hoja kwamba mtu mwenye kapu la kilo tano mbele hataki usukani mwepesi.

Jirani mmoja, mwenye Brompton, alikuja kuiona ile Twenty ya mwisho. Brompton ni kazi safi, imebuniwa na Andrew Ritchie jijini London na inakunjika mara tatu hadi inakaa chini ya meza. Twenty inakunjika mara moja tu, ikibaki kubwa, usukani ukitokeza nje. Jirani aliisifu bawaba, akaizungusha pedali, akauliza ina kilo ngapi. Ami akaishika kwa mkono mmoja kwenye bomba, akainyanyua mpaka usawa wa kiuno, akaishikilia kidogo, akaishusha.

"Nzito," akasema, akaenda kunawa mikono.