Ishara na Tarakimu: Uhakiki wa Tafsiri baina ya Keneli Mbili

Hudhaniwa mara nyingi kwamba tarakimu haihitaji mkalimani. Tisa ni tisa kwa Mwarabu na kwa Mhindi, na hata maneno yakipotea njiani, hesabu hubaki. Dhana hiyo yafaa kupimwa upya, na kipimo chake chapatikana mahali ambapo wataalamu wa lugha hawana desturi ya kupatazama, nako ni katika ishara ambazo keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, huzipeleka kwa programu zilizo chini ya utawala wake. Ishara hizo, zifikapo kwa programu, ni tarakimu. Hata hivyo, programu iliyoandikwa kwa ajili ya keneli moja ikiletwa kuishi chini ya nyingine, ishara zake hazina budi kufasiriwa. Na mfasiri akikosea, programu yaweza kufa.

Tafsiri inayohakikiwa hapa ni ile ya tabaka la Linux lililomo ndani ya FreeBSD, ambalo tangu miaka ya 1990 limeziwezesha programu za Linux kuendeshwa juu ya keneli ya FreeBSD pasipo kuandikwa upya. Keneli hizo mbili ni kama mabinamu. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. FreeBSD ilitokea mwaka 1993 katika ukoo wa Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zote mbili hufuata mila ya Unix, iliyozaliwa katika maabara ya Bell mwaka 1969. Kanuni ya POSIX, iliyotolewa mwaka 1988, ilikubaliana juu ya majina ya ishara na maana zake, lakini kwa sehemu kubwa ikaziacha tarakimu zichaguliwe na kila mwenye mfumo. Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Katika ishara 31 za kwanza, kwa hesabu ya Linux ya mashine za kawaida za Intel na AMD, tarakimu 19 zina maana ileile katika keneli zote mbili, na 12 zina maana mbalimbali. Ishara ya 9 huua pande zote. Ya 15 huomba programu ifunge kazi yake pande zote. Lakini ya 10 katika Linux ni SIGUSR1, ishara iliyoachiwa watumiaji waipe maana waitakayo. Kwa seva ya nginx, mathalani, maana yake ni kwamba madaftari ya kumbukumbu yafunguliwe upya. Katika FreeBSD, 10 ni taarifa ya kosa la kuifikia kumbukumbu ya mashine, na desturi yake ni kuiua programu. Ya 17 katika Linux humwarifu mzazi kwamba mtoto wake amemaliza kazi, na asiyeijali hadhuriki. Katika FreeBSD ni amri ya kusimama, wala hakuna programu iwezayo kuikataa. Ajabu zaidi ni ya 19: katika Linux ni "simama", katika FreeBSD ni "endelea".

Msomaji wa Kiswahili haioni hali hii kuwa ngeni. Neno "jumla" katika sarufi ya Kiarabu ni sentensi, bali kwa Mswahili ni hesabu iliyokusanywa pamoja. "Hadithi" kwa Mwislamu msomi ni mapokeo ya Mtume, na kwa mtoto aliye kando ya bibi yake ni kisa cha sungura na fisi. Neno geni kabisa humfanya mfasiri asite na kuuliza. Neno linalofanana humpitisha haraka, naye hupotea bila kujua. Kwa kuwa tarakimu 19 zapatana, mfasiri mvivu angeweza kuiendesha programu yake siku nyingi akiamini kwamba hakuna la kufasiri.

Je, basi, kazi yote ni kutengeneza jedwali la safu mbili, 10 ikawa 30, 17 ikawa 20, na 19 ikawa 17? Jedwali hilo lipo, na ni la lazima. Lakini sifa ya tabaka hili ni kwamba halikuishia hapo. Ishara haiendi peke yake, bali ina maneno mengine yanayoizunguka. Programu huwa na orodha ya ishara ilizozizuia kwa muda. Orodha hiyo nayo ni tarakimu, kila ishara ikiwa na nafasi yake, na yapasa kupangwa upya nafasi kwa nafasi. Hata vitenzi vya kuitumia orodha hiyo vina mtego wake: katika Linux, amri ya 0 ni "zuia" na ya 1 ni "fungulia", ilhali katika FreeBSD ya 1 ni "zuia" na ya 2 ni "fungulia". Mfasiri aliyezigeuza ishara akasahau vitenzi angefunga mlango alioambiwa aufungue. Kisha ipo habari ya mauti: mzazi aulizapo mtoto wake alikufaje, jibu la keneli hubeba tarakimu ya ishara iliyomwua. Jibu hilo nalo hufasiriwa, ili mzazi wa Linux aisikie habari kwa lugha yake.

Mtihani mgumu zaidi ni wa ishara isiyo na mwenzake. SIGPWR, ambayo ni ya 30 katika Linux, asili yake ni kutangaza kwamba umeme umekatika. FreeBSD haina ishara kama hiyo. Kwa mtazamo wa kamusi, ingeweza kuachwa: keneli isiyotangaza kukatika kwa umeme yahitajia nini neno hilo? Lakini watungaji wa programu waliona kwamba ishara hiyo aghalabu hukaa bila kazi, wakaichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Mkusanyaji wa kumbukumbu zilizoachwa, aliyeanzishwa na Hans Boehm, huitumia katika Linux kuzisimamisha nyuzi za programu wakati wa kufagia. Lau ingenyamazishwa, nyuzi hazingeisikia amri ya kusimama, na kazi ingekwama. FreeBSD ikaipa nafasi ya kuazima miongoni mwa tarakimu zake za juu. Uamuzi huo ni wa haki, kwa sababu uliangalia jinsi neno linavyotumiwa na wasemaji badala ya kutazama asili yake peke yake.

Hata hivyo tafsiri hii ina mpaka. Programu ya Linux ikiuawa na SIGUSR1, ganda la Linux huandika 138, yaani 128 na 10. Ganda la FreeBSD lililoianzisha programu hiyohiyo lingeandika 158, yaani 128 na 30. Mashahidi wawili wasimulia kifo kimoja kwa hesabu mbili, na wote ni wakweli. Fundi asomaye daftari pasipo kujua ni shahidi yupi aliyeandika ataitafuta sababu mahali isipokuwapo. Kosa hili si la jedwali. Keneli hufasiri yapitayo mikononi mwake. Yaliyokwisha kuandikwa katika faili kwake ni herufi tu.

Wako waliouona mzigo huu kuwa mzito mno. Mwaka 2016 Microsoft ilitoa tabaka lake la kuendesha programu za Linux, ambalo liliufasiri wito wa kila programu kwa keneli ya Windows NT, keneli isiyojengwa juu ya ishara za namna hii. Mwaka 2019 ikatangaza toleo la pili, lenye keneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe. Njia hiyo yaondoa makosa mengi ya tafsiri, lakini si ushindi wa mfasiri. Ni kumleta mwenye lugha akae katika chumba chake, na kuzungumza naye mlangoni.

Kwa hiyo tabaka la FreeBSD lastahili kuhesabiwa miongoni mwa tafsiri njema, wala si kwa sababu jedwali lake ni sahihi. Wema wake ni kwamba lilijiuliza msikilizaji atatenda nini baada ya kusikia. Waundaji wa istilahi, ambao mara nyingi huikabidhi orodha ya maneno mawili mawili wakaihesabu kazi kuwa imekwisha, wana la kujifunza hapa. Orodha yaweza kuwa haina kosa hata moja, na bado aliyeambiwa "simama" akaendelea.