Haja, Takwa na Sharti: Upungufu wa Istilahi katika Jedwali la Pamoja

Miongoni mwa kazi ambazo siku hizi hufanywa kwa Kiswahili pasipo kuandaliwa istilahi za kutosha ni ile ya kuorodhesha mambo yanayotakiwa katika programu ya kompyuta kabla haijatengenezwa. Mwagizaji na watengenezaji huandika orodha hiyo katika jedwali moja lililowekwa kwenye mtandao. Kila mmoja hulifungua kutoka mahali alipo, akaongeza, akafuta au akarekebisha, na wenzake wakayaona mabadiliko papo hapo. Mara nyingi orodha hiyo ndiyo msingi wa makubaliano na malipo. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno yanayotumika katika kazi hiyo, na kuonyesha kwamba juhudi zetu zimeelekea zaidi kwenye majina ya vyombo, ilhali maneno yanayobeba wajibu yameachwa yajiendeshe yenyewe.

Tuanze na majina ya vyombo. Jedwali linalojikokotolea hesabu lilianza kuenea katika kompyuta ndogo mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa programu yao iitwayo VisiCalc. Mwaka 2006 kampuni ya Google ilitoa jedwali la namna hiyo ambalo watu kadhaa waliweza kuliandika kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Kwa chombo hiki tunalo neno lahajedwali, nalo ni neno jema: ni fupi, linatamkika, na sehemu zake mbili zinaeleweka. Dosari yake ni kwamba upatanisho wake haujatulia. Wengine husema lahajedwali hili, wengine lahajedwali hii. Kwa kuwa katika nomino ambatani za Kiswahili neno la kwanza ndilo kwa kawaida huwa kiongozi, na maana hapa ni laha yenye jedwali, sisi tungependelea hii. Safuwima na safumlalo nayo yanastahili sifa, kwa sababu neno safu peke yake halimwelezi msomaji kama atazame chini au kando.

Ama kuhusu neno wingu, tuna shaka kidogo. Lilitokana na desturi ya wahandisi ya kuchora wingu mahali pa mtandao ambao hawakutaka kuuchora kwa ukamilifu. Kwa msemaji wa Kiswahili, wingu ni dalili ya mvua, ni giza, ni huzuni, tena ni kitu kipitacho. Kumwambia mtu kwamba orodha yake imo winguni ni kumficha swali analopaswa kuuliza, yaani: imo katika mashine za nani, na nani ana ufunguo? Hata hivyo neno limekwisha kuota mizizi, na hatuoni faida ya kulipiga vita. Linatosha kufafanuliwa kila linapotumika katika makubaliano, kwamba maana yake ni kompyuta za mbali zinazomilikiwa na mtu mwingine.

Upungufu mkubwa uko katika neno mahitaji. Neno hili ndilo linaloandikwa juu ya majedwali mengi ya aina hii, na limebebeshwa mizigo mitatu isiyolingana. Katika matumizi ya kila siku, mahitaji ni vitu ambavyo mtu anavikosa: unga, sukari na mafuta ya taa. Lakini katika jedwali neno hilo hutajia pia sentensi inayomfunga mtengenezaji, na vilevile mipaka inayotoka nje, kama vile sheria ya nchi, bei na muda. Kanuni ya kimataifa ya kazi hii, ISO/IEC/IEEE 29148, iliyotolewa mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2018, inayatenga mambo hayo matatu. Kiswahili nacho kina maneno ya kuyatengea, tena ya siku nyingi.

Tunapendekeza hivi. Haja iwe ni upungufu anaouona mtumiaji. Takwa iwe ni kauli moja, yenye namba yake, inayoeleza jambo ambalo programu itapimwa kwalo. Sharti iwe ni mpaka ambao pande zote mbili zinaukuta umekwisha kuwekwa. Huenda ikadaiwa kwamba matakwa ni matamanio tu. Jibu letu ni kwamba tunasema pia matakwa ya sheria, na hakuna anayedhani kuwa sheria inatamani.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kinachotaka programu ya kupokea na kupima mazao. Haja ni kwamba mkulima anaondoka mizanini bila ushahidi wa kilo alizoleta. Takwa ni kwamba mfumo umpe stakabadhi yenye uzito, tarehe na jina la mpimaji. Sharti ni kwamba kituo cha kupimia hakina umeme wa uhakika. Yote matatu yakiandikwa chini ya kichwa kimoja cha mahitaji, mtengenezaji atayahesabu kuwa kazi tatu, na mwagizaji atayahesabu kuwa ahadi tatu. Siku ya malipo hesabu zao hazitakutana.

Baada ya nomino, tuangalie vitenzi. Katika jedwali hilo hilo huandikwa: "Mfumo unaweza kumpa mkulima stakabadhi." Mtengenezaji huielewa kauli hii kuwa uwezo wa mashine. Karani huielewa kuwa ruhusa, kwamba akipenda atatoa. Mkulima huielewa kuwa ahadi. Wengine huandika "Mfumo utampa", lakini kiambishi -ta- hutabiri jambo tu na hakitoi agizo. Sarufi yetu tayari inayo hali ya kuagiza: "Ni lazima mfumo umpe mkulima stakabadhi kila anapopima." Hapo hapana pa kutorokea.

Kukanusha kuna hatari zaidi. "Mfumo hautakiwi kuhifadhi namba ya siri ya mkulima." Je, imekatazwa kuhifadhi, au haikulazimishwa tu? Maana hizi ziko mbali kama mbingu na ardhi, na ya pili huacha mlango wazi kwa wizi. Kiswahili hakikosi njia ya kuzitenga: "si lazima uhifadhi" ni jambo moja, na "ni lazima usihifadhi" ni jingine kabisa.

Wahandisi wa intaneti waliliona tatizo kama hili katika Kiingereza, na mwezi Machi 1997 wakatoa waraka wao RFC 2119, ulioandikwa na Scott Bradner, kuyapa maneno ya wajibu maana maalumu. Mwaka 2017 ilibidi waongeze ufafanuzi kwamba maana hizo hutumika pale tu maneno hayo yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Ikiwa lugha iliyotangulia katika fani hii ilihitaji kufungwa namna hiyo, sisi hatuna udhuru. Tunapendekeza ngazi nne: ni lazima, yafaa, inaruhusiwa na ni marufuku. Kitenzi kuweza kibakie kwa uwezo peke yake.

Jambo la mwisho ni safuwima ya hali, ambamo mara nyingi huonekana neno moja tu: tayari. Tayari kwa lipi? Wengine huandika imekamilika, wala haijulikani kiambishi i- kinarejea nini, kazi au programu. Kisanduku cha jedwali ni chembamba, na neno husimama humo peke yake bila sentensi ya kuliegemea. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi ndio shahidi wake wa pekee. Tuandike limeandikwa, limekubaliwa, limetengenezwa, limethibitishwa. Kiambishi li- kitatuambia kila mara kwamba linalosemwa ni takwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kupatana kwa mdomo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jedwali la pamoja hutunza kumbukumbu ya nani alibadili neno lipi na saa ngapi, lakini halitunzi sababu, wala halimzuii mtu kufuta lazima na kuweka yafaa usiku wenzake wakiwa wamelala. Isitoshe, mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Orodha iliyoandikwa leo kwa ulegevu yaweza kesho kusomwa mbele ya hakimu, naye hatauliza mwandishi alikusudia nini moyoni.

Kwa hiyo tunaomba kamati za istilahi zizijadili haja, takwa na sharti pamoja na ngazi nne za wajibu, na zikiona zinafaa zizisanifishe. Wakati tukisubiri, kila kundi la kazi na liandike maana za maneno hayo katika laha ya kwanza ya jedwali lake, kabla ya takwa namba moja.