Pembe za tembo zina historia. Na Wagenia je?

Siku hizi wanahistoria wa iniversite za ng'ambo wanapenda historia ya dunia nzima: wanafuata kitu kimoja toka nchi hadi nchi, waone namna kinavyofunga pamoja watu wasiojuana. Kitabu Land of Tears cha Robert Harms, mwalimu wa Yale, kilichotoka mwaka 2019, kiko cha namna hiyo. Na kinatugusa sisi wa Kisangani moja kwa moja.

Harms anafuata pembe za tembo. Zilitoka Maniema na pori letu, zikabebwa na watu mpaka pwani, zikavuka bahari toka Zanzibar. Kule Connecticut, Marekani, viwanda vya Deep River na Ivoryton vilikata pembe kutengeneza vibonyezo vya piano. Basi kijiji kilichochomwa moto huku na muziki wa sebuleni kule ni habari moja. Hilo tunalisifu. Shuleni tumezoea kufundisha "Waarabu" peke yao na Leopold II peke yake, sawa vile hawakukutana. Kumbe Stanley aliweka kituo hapa mwaka 1883. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip wakakishinda. Mwaka 1887 Leopold akamweka Tippu Tip huyohuyo kuwa gavana. Faida iliwapatanisha.

Lakini tuna neno. Kitabu kinatembea nyuma ya wakubwa watatu: Stanley, Brazza na Tippu Tip. Hao waliacha maandishi; hata Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Mgenia aliyetega samaki penye maporomoko hakuacha karatasi. Je, hana historia? Anayo! Iko ndani ya majina ya ukoo na nyimbo za uvuvi. Iko ndani ya neno Batambatamba, jina la wale wateka watu.

Ile kazi ya kuyakusanya si ya Yale, ni yetu. Walimu wenzetu, tutume wanafunzi kwa babu zao na daftari, waandike jina la msemaji, kijiji na tarehe. Halafu tulinganishe na vitabu, maana hata mzee anaweza kupendelea ukoo wake. Tusikawie: mzee akishazikwa, hakuna maktaba ya ng'ambo itakayoturudishia maneno yake.