Chuo na Chuo Kikuu: Elimu za Dini ya Kiislamu katika Lugha ya Kiswahili

Neno chuo limesafiri safari ndefu. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa ni kitabu. Baadaye kikawa mahali pa kukisomea kitabu hicho. Na mtu aliyekisoma akakijua akaitwa mwanachuoni. Wakati ulipotufikia wa kuwa na elimu ya juu kwa mtindo wa kisasa, lugha yetu haikwenda kuazima jina mbali. Ilikichukua chuo kile kile, ikakiongezea ukubwa, ikasema Chuo Kikuu. Kwa hiyo kila atajaye Chuo Kikuu anataja pia, pengine bila ya kujua, jamvi na mtoto aliyeketi juu yake na juzuu mkononi. Swali la makala haya ni kama Chuo Kikuu kimemrithi mzee wake au kimelichukua jina lake tu.

Tunazo mbele yetu elimu tano: tafsiri ya Kurani, hadithi, tauhidi, fikihi na usuli wa fikihi, yaani kanuni za kuzalisha hukumu kutoka katika asili zake. Hatukusudii hapa kuwahubiria watu dini. Tunazitazama elimu hizi kama kazi ya akili iliyofanywa katika nchi zetu kwa karne nyingi, na kwa hiyo kama sehemu ya utamaduni wa taifa, inayostahili kuhakikiwa kama vile tunavyohakiki ushairi au ususi wa nyumba zetu za mawe.

Yafaa kwanza tuieleze darsa, kwani wapo wasomi wanaoidharau bila ya kuiona. Mwalimu hukaa, wanafunzi humzunguka. Kitabu ni cha Kiarabu: labda Safinatun Naja kwa wanaoanza, kisha Matni ya Abu Shujaa, kisha Fat-hul Qarib, hata kufikia Minhaji ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, na sherehe zake kubwa. Mwalimu husoma kipande, pengine maneno matatu tu, akayavunja kwa Kiswahili. Husoma kipande kingine, akavunja tena. Na anapofika penye tata huweka kitabu chini na kueleza kwa mifano ya soko, ya shamba, ya jahazi. Kiarabu kinabaki Kiarabu, wala hakifichwi. Lakini fikra inajengwa kwa Kiswahili. Kitabu hakirukwi. Huanzwa kwenye bismillahi na kukomea kwenye tamati, hata kama itachukua miaka saba. Ndivyo walivyosomesha Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait huko Unguja, wote wawili wakifariki mwaka mmoja wa 1925. Na ndivyo yalivyosomeshwa mengi katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, alioujenga Habib Saleh. Aliyehitimu alipewa ijaza, nayo ilikuwa ahadi ya mtu kwa mtu: mwalimu alilitoa jina lake mwenyewe na majina ya walimu wake kuwa dhamana ya mwanafunzi. Akikosea mwanafunzi, aibu ilipanda ngazi ile ile.

Mambo hayo yalikuwa na kasoro zake, nasi hatuna haja ya kuyapamba. Darsa ilikuwa ya madhehebu moja, Shafi, na mwanafunzi aliweza kuzeeka bila ya kujua kwa nini Hanafi wanasema vingine. Kitabu kilisomwa kana kwamba kimeshuka bila ya zama wala mji. Wanawake wengi waliisikia darsa kutoka nyuma ya pazia, kama waliisikia.

Chuo kikuu kilikuja na dawa ya maradhi hayo. Al-Azhar yenyewe, iliyoasisiwa katika karne ya 10, iligawanywa katika vitivo mwaka 1930, kisha ikapangwa upya kwa sheria ya mwaka 1961; mwaka huo huo kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Kwetu Afrika Mashariki mwendo ulikuwa wa kusuasua. Unguja ilikuwa na Chuo chake cha Kiislamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambacho Sayyid Omar Abdallah, mtu wa darsa na wa Oxford kwa pamoja, alikiongoza. Baadaye sana vikaja vyuo vikuu vyenyewe: Mbale nchini Uganda mwaka 1988, Tunguu huko Zanzibar mwaka 1998, na Morogoro mwaka 2005. Humo mwanafunzi husoma fikihi ya kulinganisha, mara nyingi kwa kutumia kitabu cha Ibn Rushd, akaona madhehebu yakijadiliana. Husoma historia ya ukusanyaji wa hadithi. Na wasichana huketi katika ukumbi ule ule wakichukua shahada zile zile. Faida hizi ni kubwa, na atakayezikana atakuwa mkaidi.

Lakini katika kuhama nyumba kuna kitu kilichosahauliwa mlangoni. Kitu hicho ni lugha.

Katika vyuo hivi elimu za dini husomeshwa ama kwa Kiarabu ama kwa Kiingereza, na tasnifu huandikwa kwa mojawapo ya hizo mbili. Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya kuulizana njia ya maktaba. Tuliwahi kuhudhuria, katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja, mtihani wa mdomo wa kijana aliyeandika kwa Kiingereza juu ya kiasi, ile kanuni ya kupeleka hukumu ya jambo lililotajwa kwenye jambo lisilotajwa. Tasnifu ilikuwa nzuri. Sheikh mmoja mzee, aliyealikwa kwa heshima tu, akamwomba amweleze kwa Kiswahili illa ya kuharimishwa kwa mvinyo na jinsi hukumu inavyofika kwenye vilevi vingine. Kijana akaanza, akakwama, akarudi kwenye Kiingereza. "Samahani, sheikh wangu," akasema, "nimeyasoma kwa Kiingereza." Mzee akamjibu kwa upole: "Basi mwanangu, wakija watu msikitini, utamtafuta mkalimani?" Waliokuwamo walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa kuwa tulijua kwamba kijana yule hakuwa mvivu. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka afikiri jambo hilo kwa lugha ya mama yake.

Nalo jambo lenyewe halikosi maneno. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo nasi. Mtaalamu wa hadithi husema hadithi ni sahihi au ni dhaifu. Maneno yote mawili tunayo. Husema habari ina sanadi na ina matini. Na matini ndilo neno ambalo wataalamu wetu wa lugha na fasihi hulitumia leo kwa maandishi yoyote wanayoyachambua. Nahau, sarufi, isimu, irabu, balagha: karibu zana zote za mwanaisimu wa Kiswahili zilitoka katika mkoba wa mwalimu wa darsa. Idara za Kiswahili zimekula katika sinia hili. Vitivo vya dini, vilivyo karibu nalo zaidi, vinanyoosha mkono kwingine.

Ni kweli kwamba maneno haya yana mitego. Kiasi kwa mtu wa sokoni ni kipimo cha unga. Ila kwetu ni kasoro, nasi humsifu mtu kwa kusema hana ila. Maana hiyo inakaa vizuri sana katika elimu ya hadithi, ambamo illa ni kasoro iliyojificha katika habari inayoonekana nzima. Lakini katika usuli wa fikihi illa ni ile sifa ambayo hukumu imetundikwa juu yake, kama kulevya kulivyo kwa mvinyo. Mwanafunzi asiyetahadharishwa atachanganya. Sasa basi, kazi ya chuo kikuu ni ipi kama si hii ya kupambanua, kuweka istilahi, na kuonyesha neno lilipopinda? Kuikimbia kazi kwa sababu ni ngumu hakustahili kuitwa utaalamu.

Tutazame na tafsiri ya Kurani. Lugha yetu ina hazina ambayo lugha nyingi za Afrika hazina. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Universities' Mission, iliyochapishwa London. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa naye ameanza tafsiri yake bila ya kuimaliza. Kisha Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akaikamilisha yake mwaka 1969, na mwaka 1995 ikafuata ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Kila moja ina maelezo, na kila maelezo yana hoja: padri anawaandikia watu wa misheni, al-Farsy anawajibu padri na Makadiani kwa ukali ambao mara nyingine humshinda mwandishi mwenyewe, hata tanbihi ikameza aya. Kiswahili chake ni cha mazungumzo, cha Unguja mjini, chenye mabano mengi anayotaka kumsaidia nayo msomaji. Kwa maoni yetu mabano hayo ndiyo nguvu na udhaifu wa kazi ile, kwani mwalimu wa darsa anasikika humo akivunja na kueleza, lakini asiyejua Kiarabu hawezi daima kupambanua neno la aya na neno la sheikh. Kuzisoma kazi hizi bega kwa bega, aya kwa aya, ni somo la muhula mzima. Mwanafunzi angejifunza humo tafsiri, historia ya ukoloni, mabishano ya madhehebu na mtindo wa nathari ya Kiswahili. Badala yake al-Farsy hununuliwa dukani kwa ajili ya Ramadhani, na chuoni hutajwa mara chache kama mfasiri anayepaswa kujibiwa. Hata kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kilipata kunukuliwa mbali zaidi baada ya kutolewa Marekani kwa Kiingereza mwaka 1989.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni malalamiko ya wapenda lugha. Historia ya mahakama inakataa. Majaji wa kikoloni wa Unguja na Mombasa walipotaka kujua Minhaji inasema nini, walifungua tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1914, ambayo haikutoka kwenye Kiarabu bali kwenye Kifaransa. Mjini mlikuwa na watu walioijua Minhaji kwa moyo. Lakini elimu yao haikuwa na kiti mahali ambapo hukumu huandikwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 shauri la wakfu wa jamaa kutoka Kenya lilipofika London kwa rufani, liliamuliwa kwa kufuata hukumu ya mwaka 1894 iliyotokana na shauri la Bengal, na kauli ya wanavyuoni wa Kishafi wa pwani haikuweza kuizuia. Familia zilizopewa nyumba na mashamba na babu zao ndizo zilizolipa gharama ya umbali huo.

Leo Zanzibar ina mahakama zake za kadhi, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama hizo. Anayeingia humo ni mjane. Mumewe amekufa, ameacha mke, mama, mabinti wawili na ndugu mmoja wa baba na mama. Mali hugawanywa mafungu 24: mke thumuni, mafungu 3, mama sudusi, mafungu 4, mabinti thuluthi mbili, mafungu 16, na fungu 1 linalosalia huchukuliwa na ndugu kwa kuwa ni asaba. Nusu, robo, thumuni, thuluthi, sudusi: Kiswahili kina jina la kila fungu la mirathi. Mjane huyu ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoombolezea, kwa nini shemeji yake amepata fungu hilo na kwa nini hakupata zaidi. Kadhi aliyehitimu kwa Kiarabu kitupu atampa hukumu. Maelezo atashindwa kumpa.

Tutaambiwa kwamba Kiarabu hakina budi, na kwamba Kiswahili kitawafanya wanafunzi wasifike kwenye vitabu vya asili. Sisi pia twasema Kiarabu hakina budi. Bakathir na Ibn Sumait walikijua kuliko wengi wetu, na walikifikia kwa darsa iliyovunjwa kwa Kiswahili. Wala hatudai kwamba tasnifu zote ziandikwe upya kesho. Tunadai machache: kila mwanafunzi wa shahada ya elimu hizi asome kitabu kimoja cha fikihi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kukivunja kwa Kiswahili mbele ya mwalimu, mtihani wake wa mwisho uwe na sehemu ya mdomo kwa lugha hiyo, na masheikh wachache waliosalia wa darsa za kale waalikwe kusomesha, kwa mshahara, si kwa kukata utepe.

Iko na kazi ya miswada. Ile ya Riyadha imekwisha kupigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, na mingine imo katika Nyaraka za Zanzibar na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Katika baadhi ya miswada ya mwambao, kati ya mistari ya Kiarabu, mna maneno madogo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, yaliyoandikwa na mwanafunzi aliyekuwa akimsikiliza mwalimu wake akivunja. Kuyasoma kunahitaji mtu ajuaye fikihi, Kiarabu na Kiswahili cha kale kwa pamoja. Watu wa namna hiyo wanahesabika, na wengi wao hawana shahada.