Udongo na Sura ya Mungu: Uhakiki wa Hoja ya Irenaeus kuhusu Uumbaji wa Binadamu

Baadhi ya wahakiki humsoma Irenaeus wa Lyons kana kwamba kwake sura ya Mungu imo katika akili pekee. Ni kweli kwamba katika Kitabu cha Nne cha *Dhidi ya Uzushi*, kazi ya mwishoni mwa karne ya 2, anamfananisha binadamu na Mungu kwa akili na hiari. Hata hivyo, Kitabu cha Tano kinaiweka sura katika mwili uliofinyangwa kwa Mikono ya Mungu, yaani Mwana na Roho, ilhali mfano hupatikana kwa Roho. Hoja hiyo iliwalenga Wavalentino, waliokana wokovu wa mwili. Ni Origen, katika karne ya 3, aliyeihusisha sura na mtu wa ndani asiyeonekana, akimtenga na yule aliyefinyangwa kwa mavumbi katika Mwanzo 2. Kumsoma Irenaeus kwa miwani ya Origen ni kuidhoofisha hoja yake: iwapo udongo haubebi sura, utetezi wake wa ufufuo wa mwili unapoteza mhimili. Aidha, kwa kuwa pengine huzitumia istilahi *sura* na *mfano* bila kuzitofautisha, uhakiki huu unashikilia kwamba kiini cha fikra yake ni mwili ulioumbwa, wala si tofauti ya istilahi hizo.