Alkoholi siku ya kwanza: uamuzi uliokosewa

Sindano ile ya alkoholi haikupaswa kuingia kwenye mguu wa yule mama siku ile ya kambi ya matibabu. Naanza na hukumu kwa sababu wengi wenu mlikuwemo chumbani, waliobaki mmeiona video, na tangu hapo ninachosikia Kasulu na Kibondo ni sifa za mkono wa daktari mgeni. Mkono sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni uamuzi wa kuchukua bomba la alkoholi na kuacha lile la steroidi lililokuwa mezani tayari.

Yaliyofanyika sawasawa nayataja mara moja: historia ilichukuliwa kwa utulivu, kipimo cha Mulder kikatoa mlio wake, ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kati ya kidole cha tatu na cha nne, ngozi ikasafishwa, sindano ikapita juu ya mguu na si kwenye unyayo.

Sasa turudi kwenye uamuzi wenyewe. Mama analima maharage na mihogo mteremkoni. Alieleza kwamba mguu wa kulia unawaka akishuka na mzigo kichwani, kwamba anahisi kama kuna punje ya hindi ndani ya kandambili, na kwamba akivua na kuusugua unatulia. Maelezo safi ya nyuroma ya Morton, yaani neva iliyovimba kati ya vidole, huhitaji kitabu. Tabibu mmoja kijana wa huku kwetu akauliza kwa nini tusianze na steroidi. Jibu mlilisikia wote: "Huyu anatoka mbali, hatarudi. Tumalize leo."

Tumalize leo. Mtu anayesema hivyo akiwa ameshika alkoholi mkononi hajaifikiria dawa yenyewe. Katika tiba zote za sindano kwa nyuroma, alkoholi ndiyo inayomdai mgonjwa arudi mara nyingi kuliko zote. Gary Dockery, aliyeifanya ijulikane kwa ripoti yake ya mwaka 1999, alitumia alkoholi ya asilimia 4 na aliwachoma wagonjwa wake sindano 3 hadi 7, kwa kupishana siku chache. Hughes na wenzake Uingereza, mwaka 2007, waliwafuatilia wagonjwa 101 waliochomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, na wastani wao ulikuwa zaidi ya sindano 4 kwa mgonjwa. Matokeo yao yalikuwa mazuri, karibu wote walipata nafuu kwa kiasi fulani. Lakini nafuu ile ilitoka kwenye mfululizo mzima. Sijaona popote ambapo Dockery au Hughes wamedai kwamba sindano moja inatosha kumuaga mgonjwa na kumtakia safari njema.

Kwa hiyo, kama kweli mama hatarudi, amepewa kipande cha tiba. Ameondoka na neva iliyochokozwa, na maumivu ya siku kadhaa baada ya sindano ambayo hakuna aliyemwonya vya kutosha, akapanda bodaboda kwenda kijijini. Na kama atarudi, basi sababu yote ya kuanza na alkoholi imeanguka. Hoja ya umbali inajishinda yenyewe kwa pande zote mbili, nami sielewi ilipitaje mbele ya chumba kilichojaa wataalamu bila mtu kuisimamisha, ukimtoa yule kijana.

Hata tukichukulia kwamba angepata mfululizo kamili, tuangalie mbele. Gurdezi na wenzake, mwaka 2013, waliwarudia wagonjwa 45 miaka 5 baada ya sindano za alkoholi. Waliobaki bila maumivu kabisa walikuwa 13. Wengine 16 walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Hao ni watu wa Uingereza, wenye hospitali ya kuwapasua karibu na nyumbani. Mgonjwa wa Kibondo ambaye alkoholi imemshinda anaelekezwa Bugando au Muhimbili, na nauli anaitafuta mwenyewe.

Lakini kosa linaloniuma zaidi lilitokea kabla bomba halijajazwa, nalo ni lile lile ninaloliandika kwenye safu hii tangu nianze. Hakuna aliyepima hisia za unyayo. Hakuna aliyepapasa neva nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu. Sukari ya damu haikupimwa. Tunachoma dawa ya kuua neva kwenye mguu ambao hatujui neva zake zilikuwa na hali gani asubuhi ile.

Fikirini mama anarudi mwezi ujao na kusema vidole vina ganzi. Tutamjibu nini? Ganzi inaweza kuwa ya alkoholi, na hapo tutasema ndiyo tuliyoitaka. Inaweza kuwa ya kisukari. Inaweza kuwa ya ukoma, kwa sababu neva inayopita nyuma ya kifundo cha ndani ndiyo inayogawanyika na kushuka mpaka kati ya vidole, na ni miongoni mwa neva ambazo ukoma unazipenda. Ikivimba pale juu, moto unaweza kusikika huku chini. Bila rekodi ya siku ya kwanza, hakuna daktari duniani atakayeweza kutenganisha hayo matatu. Tumeufuta ushahidi wetu wenyewe.

Na kipimo cha hisia hakina gharama. Waratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya walikifanya chini ya mwembe kwa kalamu ya wino. Mgonjwa anafumba macho, unagusa unyayo kwa ncha ya kalamu mpaka ngozi ibonyee kidogo, naye anaonyesha kwa kidole ulipogusa. Unarudia kwenye dole gumba, chini ya vichwa vya mifupa, pembeni, kisigino, kisha mguu wa pili. Unachora unyayo kwenye kadi na kuweka alama. Programu ya taifa ilianza mwaka 1977, dawa mseto zikaja miaka ya 1980, na wazee wale walijua kuipima miguu ya mkoa huu kuliko yeyote aliyekuwa chumbani juzi. Kisha mwaka 2006 nchi ikafikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, tukashangilia, na kalamu ikarudi mfukoni. Kiwango kile kilikuwa cha nchi nzima. Hakikusema ukoma umekwisha, na hakikumruhusu mtu kuacha kupapasa neva.

Upande wa kisukari nao tulifundishwa. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walieneza mafunzo ya mguu wa kisukari nchini miaka ya 2000, na ule uzi wa gramu 10 wa kupima hisia ukafika mikononi mwa wauguzi wengi. Uko wapi sasa? Kwenye kambi ile kulikuwa na mashine ya ultrasaundi ya kubebwa begani, na uzi ule haukuwepo.

Paul Brand angesimamisha kila kitu. Daktari huyu aliingia Vellore, India, mwaka 1946, akakuta wagonjwa wa ukoma wanapoteza vidole na watu wakiamini nyama inaoza kwa ugonjwa. Alionyesha kwamba vidole vinapotea kwa sababu mtu haoni maumivu: anatembea juu ya mwiba, juu ya jiwe, juu ya malengelenge, na hajui. Kazi yake yote iliyobaki, Vellore na baadaye Carville kule Marekani, ilijengwa juu ya hilo, mpaka viatu vya mpira laini alivyowatengenezea wagonjwa. Daktari aliyemsoma Brand hawezi kumfanyia ganzi ya makusudi mwanamke anayelima akiwa peku kwenye udongo wenye visiki na funza, kama tiba ya kwanza, bila kujua unyayo wake unahisi nini.

Najua nitakachojibiwa, kwamba steroidi nayo ina madhara. Ina madhara, tena nitayataja mwenyewe. Ikirudiwa hovyo, mafuta ya unyayo yanasinyaa na kano za viungo vya vidole zinadhoofika mpaka kidole kinapanda juu ya mwenzake. Ikimwagika karibu na ngozi, inaacha baka jeupe. Baka hilo kwenye ngozi nyeusi, katika wilaya zetu, linaweza kumpa mtu jina la ukoma kijijini, na tabibu atakayefuata anaweza kulihangaikia bure. Ndiyo maana sindano inatakiwa iende ndani, ipite juu ya mguu, ifanyike mara moja, na iandikwe kwenye kadi mahali ilipochomwa. Haya yote ni mambo ambayo mkono ule mnaousifu ungeyaweza bila shida.

Faida yake kwa mgonjwa wa mbali ndiyo hoja yangu. Katika jaribio la Thomson na wenzake, lililochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha watu 131, sindano moja ya methiliprednisoloni iliyochanganywa na lignokeini iliwapa nafuu kubwa kuliko lignokeini peke yake, na tofauti hiyo ilionekana bado baada ya miezi 3. Haiponyi kila mtu na haidumu milele. Lakini ni sindano moja, neva inabaki hai, na miezi mitatu inatosha kuvuna maharage na kurekebisha kiatu. Na kwa wanaolalamika kwamba vituo vyetu havina ultrasaundi ya misuli: Mahadevan na wenzake, mwaka 2016, walilinganisha steroidi iliyochomwa kwa ultrasaundi na ile iliyochomwa kwa vidole vinavyojua anatomia, na hawakuona tofauti ya maana. Kituo cha afya chenye tabibu makini kinaiweza kazi hii.

Kiatu! Hakuna aliyegusa kandambili za mama. Zilikuwa pale chini ya kitanda, nyembamba, zimelika upande wa mbele. Kabla ya sindano yoyote nilitegemea kuona kipande cha mpira. Unachukua ndala kuukuu, unakata mviringo mrefu wa unene wa nusu sentimita hivi, kingo unazipunguza kwa wembe zisiume. Unapaka wino chini ya vichwa vya mifupa ya unyayo, mgonjwa anakanyaga, alama inabaki kwenye soli. Kipande unakigandisha nyuma ya alama, upande wa kisigino. Wengi hukiweka juu ya alama yenyewe, maumivu yanazidi, halafu wanasema pedi hazifai. Kikikaa nyuma, kinainua mifupa na kuitanua kidogo, neva inapata nafasi. Fundi wa makatambuga sokoni Kasulu anaifanya kazi hiyo mgonjwa akiwa amesimama, na soli ya tairi, kwa kuwa ni ngumu na haikunjiki mbele, ni bora kuliko viatu vilivyochongoka tunavyonunua kwenye mitumba.

Na kama mgonjwa atafika hatua ya kupasuliwa, bado ipo njia ya heshima. Gauthier wa Ufaransa, mwaka 1979, aliripoti nyuroma 304 ambazo alizitibu kwa kukata ule utepe unaounganisha mifupa ya unyayo, neva akaiacha ilipo. Alisema ni neva iliyobanwa, basi iachiliwe. Wagonjwa wake wengi walipata nafuu. Leo utepe huo unaweza kukatwa kupitia tundu dogo. Gauthier aliona neva ni kitu cha kuokolewa. Kizazi cha sasa kina alkoholi, kina sindano za kuunguza kwa mawimbi ya redio, kina za kugandisha kwa baridi, na kila chombo kipya kinachoingia kinakuja kuua. Sivikatai. Vina nafasi yake kwa mgonjwa ambaye pedi na steroidi vimemshinda, aliyepimwa hisia, na ambaye ana pa kurudi.

Na sasa mama aliyesemwa hatarudi amepangiwa sindano ya pili, na waliobaki na faili lake wanasoma safu hii. Isichomwe. Mtafuteni kupitia mhudumu wa afya wa kijiji, mpimeni sukari, papaseni neva nyuma ya kifundo miguu yote miwili, mguseni nyayo kwa kalamu na mwandike kila mahali alipohisi na asipohisi. Kisha mpelekeni kwa fundi viatu.