Ajabu Nayo Ina Sheria

Mtu akisikia kwamba fulani anaandika hadithi za ajabu, za majini, za nchi zisizo kwenye ramani, za vyombo ambavyo hakuna aliyeviunda bado, hudhani kazi hiyo ni nyepesi. Si unajitungia tu? Anayeandika maisha ya mtaani ana mtaa wa kumsuta akikosea. Huyu mwingine nani atamsuta? Mimi naamini kinyume chake. Hakuna mwandishi anayebanwa kama huyu, na humo katika kubanwa ndimo zinamotoka taabu zake na raha zake zote.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Wengi tulifundishwa kuisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni, na fumbo limo. Lakini hebu itazame kwa jicho la fundi. Mwandishi ameamua jambo moja lisilowezekana: nchi hii iko angani. Akishaamua hivyo, hana tena ruhusa ya kusahau. Wajumbe wanapotumwa nje kuleta maarifa, pande za kwenda haziwi nne kama zetu. Zinakuwa sita, maana kwa watu wanaoishi angani hata ardhi ni ugenini, na mbingu nayo ni safari ya kwenda juu zaidi. Kwa hiyo wajumbe ni sita, dhuluma walizotendewa waliporudi ni sita, na mshtakiwa Karama anaposimama barazani kujitetea ana visa sita vya kusimulia. Umbo zima la kitabu limezaliwa na uamuzi mmoja ulioheshimiwa mpaka mwisho. Tena msomaji aliyekanyaga udongo anajikuta anaitazama ardhi yake kwa macho ya mgeni aliyeshuka kutoka juu. Fumbo peke yake lisingemfikisha hapo.

Waliofuata nao walilipa gharama hiyohiyo. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamtia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, ndani ya chombo cha kurushwa angani. Chombo kilichoundwa kiwe kaburi kinageuka usafiri, na mfungwa anafika kwenye nchi ya usawa. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anamrudisha mzee kutoka kwa wafu aje kumkabili mjukuu wake mwenye cheo. Aliyekufa haogopi kufukuzwa kazi wala kupotezwa usiku. Ndiyo maana anaweza kusema ambayo walio hai wameyameza. Katika kazi zote mbili ajabu haikuwekwa iwe pambo. Imeshika mzigo wa hadithi, na ukiiondoa jengo zima linaanguka.

Sisi wa pwani tuna sharti moja la ziada. Msomaji wa Pemba au Tanga hatakuuliza kama jini yupo. Ameshasikia tangu utotoni anakaa wapi, anapenda udi upi, anakasirishwa na nini, na nani wa kuzungumza naye akipanda kichwani. Atakuuliza kwa nini jini wako hana mila za majini. Hiyo ni neema kubwa, kwa sababu nusu ya dunia yako imekwisha kujengwa na mabibi waliosimulia kabla yako. Ni mzigo pia: kila unapotaka kubadili jambo, lazima uwe na sababu ambayo hata bibi angeikubali.

Nimekuwa nikiandika hadithi ya mji wa pwani ambako maji yalikupwa alfajiri moja, yasijae tena. Wazo lilikuja na furaha yake, kisha yakaja maswali. Kina mama wa mwani husubiri maji ya bamvua yatoke mbali ndipo waingie shambani. Sasa maji yametoka moja kwa moja, na mwani umeanza kukauka juu ya kamba kabla ya adhuhuri. Mvuvi aliyezoea kuhesabu siku za mwezi ili ajue maji mafu yataanza lini, hesabu yake haina kazi. Ngalawa zimelala ubavu. Na lile tope jipya, lenye matumbawe hadi upeo wa macho, ni mali ya nani? Nilipouliza swali hilo ndipo hadithi ilipoamka: dalali ameshafika, anang'oa vigingi vya mwani na kuvipigilia upya kupimia viwanja. Sikumtafuta dalali huyo. Aliletwa na maji yaliyogoma kurudi, na kwangu hakuna raha ya uandishi inayozidi hiyo.

Lakini zipo siku ajabu inakuangusha. Umempa mhusika hirizi ya kumtoa hatarini, na mara hatari zote zimekufa. Mtoto anayesikiliza anauliza kwa nini hakuitumia mapema, na kwa swali hilo moja sura nzima inafutwa. Siku nyingine sheria za dunia yako ni timamu, ila watu wake hawana njaa, hawana wivu, hawana deni dukani. Unabaki na mashine nzuri isiyo na mtu ndani. Dawa ninayoijua ni kurudi kwenye jambo la kwanza na kulifuata upya, polepole, nyumba kwa nyumba.

Taabu hiyo inastahili. Bahari imekwisha kumega fukwe za Kunduchi, na mambo ambayo babu zetu wangeyaita hekaya yanajadiliwa leo kwenye mikutano ya vijiji. Jamii inahitaji watu waliozoea kuuliza: ikiwa hivi, kisha nini, na nani ataumia kwanza? Hadithi ya ajabu iliyoandikwa kwa uaminifu ni shule ya swali hilo. Basi mwenye kisa cha namna hii daftarini asikionee haya. Achague jambo moja lisilowezekana, asilisaliti, kisha apite kwa kila mkazi wa dunia hiyo amuulize ameamkaje.